Alice Guy, mwanamke wa kwanza kuongoza filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiwaonyesha watu filamu za Alice Guy, taa zikiwashwa maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine ukianza nayo humalizi leo, kwa hiyo usishangae majibu yakipishana urefu.

Alice Guy ni nani hasa?

Ni Mfaransa aliyeajiriwa kuwa katibu muhtasi katika kampuni ya vifaa vya picha jijini Paris, akaishia kuongoza filamu wakati kazi hiyo haijapata hata jina. Alianza mwaka 1896, miezi michache tu baada ya ndugu wawili Lumière kuonyesha sinema kwa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895. Akaendelea hadi 1920. Katika miaka hiyo aliongoza, kutayarisha au kusimamia filamu zinazokadiriwa kufika 1,000, nyingi zikiwa za dakika moja hadi robo saa. Ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuongoza filamu, na kwa karibu miaka kumi ya mwanzo pengine alikuwa peke yake.

Jina lake linatamkwaje? Na ni Guy au Blaché?

Sema "Gii", usiseme "Gai". Guy ni jina la baba yake. Blaché, yaani "Blashe", ni jina la mume, Herbert Blaché, waliyeoana mwaka 1907. Ndiyo maana filamu za Ufaransa zimeandikwa kwa jina la Alice Guy na za Marekani kwa jina la Madame Blaché. Ukitafuta mtandaoni jaribu yote mawili. Majina haya mawili yalikuja kumponza, tutafika huko.

Alitokea familia ya aina gani?

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1873 huko Saint-Mandé, pembeni kidogo mwa Paris. Baba yake alikuwa na maduka ya vitabu nchini Chile, Amerika Kusini, kwa hiyo utoto wa Alice ulikuwa wa kupanda na kushuka meli: kwanza kwa bibi yake Uswisi, kisha Chile kwa wazazi, kisha Ufaransa shule ya masista. Mwaka 1891 baba akafariki. Mama na binti wakabaki mikono mitupu, na Alice akaenda kujifunza kupiga taipu na hatimkato. Taipureta siku hizo ilikuwa kitu kipya, na msichana aliyeijua alikuwa sawa na aliyewahi kozi ya kompyuta kabla mtaa mzima haujastuka.

Sasa katibu muhtasi aliingiaje kwenye uongozaji?

Mwaka 1894 alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni ya Félix-Max Richard iliyouza kamera na vifaa vyake. Mwenyewe anasimulia kwenye kumbukumbu zake kwamba aliambiwa kazi ile ni nzito na yeye bado mdogo mno. Akajibu kuwa kasoro hiyo itamwisha yenyewe. Akaajiriwa. Mwaka uliofuata kampuni ikaangukia mikononi mwa Léon Gaumont, akisaidiwa na wenye fedha zao akiwemo Gustave Eiffel, yule yule wa mnara.

Machi 1895, miezi tisa kabla ya onyesho la kiingilio, Alice na Gaumont walikuwa miongoni mwa watu wachache walioalikwa kuona mashine ya ndugu Lumière. Shuka jeupe ukutani, taa zikazimwa, na wafanyakazi wakaonekana wakitoka kiwandani. Waliokuwepo walistaajabia jambo moja: picha inatembea! Alice naye alistaajabu, lakini hakuchelewa kuchoshwa na treni, magwaride na watu wanaopita barabarani. Alikuwa mtoto wa muuza vitabu, aliyezoea hadithi tangu nyumbani, na alishacheza michezo ya kuigiza ya kujifurahisha na marafiki. Akamwendea Gaumont na kumwomba ruhusa ya kutunga vijitukio viwili vitatu na kuvipiga picha.

Gaumont alikubali kwa sharti moja: kazi ya ofisi isilale. Barua zichapwe kwanza, sinema baadaye.

Watu huuliza kwa nini alikubali kirahisi hivyo, na jibu lenyewe halimtukuzi mtu. Gaumont aliuza mashine. Filamu kwake zilikuwa kitu cha kumwonyesha mteja kwamba mashine inafanya kazi, kama duka la televisheni linavyoweka video ya samaki wa rangi rangi ili uone kioo kinavyong'aa. Nani anajali samaki wale kapigwa picha na nani? Kilichokuwa kwenye mkanda hakikuwa na thamani machoni mwa wenye kampuni, kwa hiyo aliachiwa binti wa ofisini acheze nacho. Siku kilipopata thamani, walianza kuuliza kama binti anafaa.

Filamu yake ya kwanza ilihusu nini?

Inaitwa La Fée aux Choux, yaani malaika wa kabichi, kama "fée" tutaikubali iwe malaika. Wafaransa walikuwa wakiwaambia watoto kwamba wavulana huokotwa kwenye kabichi na wasichana kwenye mawaridi. Wengi wetu tuliambiwa tulinunuliwa hospitali. Ni uongo wa aina ile ile, wa mzazi anayekwepa swali. Alice aliuchukua uongo huo akaufanya filamu. Mwanamke aliyevaa gauni la kupendeza anazunguka katikati ya kabichi kubwa za kuchonga, anainama, anatoa kichanga nyuma ya kabichi, anakionyesha kwa kamera kwa furaha, anakilaza chini, anafuata kingine. Dakika moja imekwisha.

Kwa maelezo yake, waliipiga kwenye baraza ya nje huko Belleville, Paris, mandhari ikiwa kitambaa kilichochorwa, na waigizaji wakiwa marafiki zake.

Kwa hiyo ndiye wa kwanza duniani kutengeneza filamu ya hadithi?

Hapa ndipo watu hushikana mashati. Alice mwenyewe alisema aliipiga mwaka 1896. Nakala tuliyonayo ni ya milimita 35 na huhesabiwa kuwa ya 1900. Tatizo ni kwamba mashine ya kwanza ya Gaumont, iliyobuniwa na Georges Demenÿ, ilitumia mkanda wa milimita 60, ambao haukudumu sokoni. Kwa hiyo wako watafiti wanaosema aliipiga kwanza kwenye mkanda mpana, ukapotea, akairudia kwenye ule wa kawaida. Na wako wanaosema kumbukumbu za mzee zilichanganya miaka. Kuongeza vurugu, mwaka 1902 alilirudia wazo hilo kwa filamu ndefu kidogo, Sage-femme de première classe, na ipo picha ya mnato ya filamu hiyo inayomwonyesha Alice amevaa suti ya kiume katikati ya wenzake wawili. Picha hiyo husambazwa mitandaoni kila siku ikidaiwa kuwa ya 1896. Siyo.

Tena, hata ukiupokea mwaka 1896 bila kupunguza kitu, ndugu Lumière walishatoa mwaka 1895 kile kichekesho cha mtunza bustani: kijana anakanyaga mpira wa maji, mzee anauchungulia, kijana anaachia, maji usoni. Ile nayo ina mwanzo, kati na mwisho. Ndiyo maana mimi husema "mwanamke wa kwanza kuongoza" na kuishia hapo, kwani hilo halina ubishi. Wanaomvisha kila taji la "wa kwanza" wanawapa wapinzani wake nafasi ya kumvua yote kwa pamoja.

Cheo chake pale Gaumont kilikuwa kipi?

Hadi 1907 ndiye aliyesimamia utengenezaji wa filamu zote za Gaumont. Alitunga, aliongoza, alichagua mavazi na mandhari, akaajiri na kufundisha wengine. Mmoja wa aliowapokea ni Louis Feuillade, ambaye alianza kwa kumwandikia hadithi na ndiye aliyerithi kiti chake, kisha akapata jina kubwa kwa filamu za mfululizo.

Kazi yake kubwa kuliko zote katika kipindi hicho ni ya maisha ya Kristo, ya mwaka 1906. Ina matukio 25 na huchukua zaidi ya nusu saa, wakati filamu za siku hizo zilikuwa za dakika tano. Watu wa kujaza nafasi walikuwa kama 300. Alifuata michoro ya Biblia ya James Tissot karibu mchoro kwa mchoro. Tazama jinsi wanawake wanavyojaa kila tukio, Veronika, yule anayesimuliwa kumpangusa Yesu uso, akiwa na kitambaa chake mbele kabisa ya kamera. Msaidizi wake katika kuwapanga watu wale wote alikuwa Victorin Jasset. Lishike jina hilo.

Nimesikia alitengeneza filamu zenye sauti kabla ya 1927, mwaka ambao watu husema ndipo sinema ilipoanza kusema. Inawezekanaje?

Inawezekana, tena kwa njia unayoijua. Gaumont alikuwa na mtambo ulioitwa Chronophone, uliounganisha gramafoni na mashine ya kuonyeshea filamu. Mwimbaji alirekodiwa kwanza kwenye santuri. Siku nyingine alisimama mbele ya kamera, santuri ikapigwa, naye akafumbua mdomo kuufuata wimbo wake mwenyewe. Kwenye ukumbi mashine mbili ziliendeshwa kwa pamoja. Yaani ndivyo video za Bongo Flava zinavyopigwa hadi leo: sauti imeshamalizwa studio, msanii anapigwa picha ufukweni akijifanya anaimba.

Alice aliongoza zaidi ya filamu 100 za aina hii, zikiwemo za Félix Mayol na Dranem, waimbaji waliopendwa sana Paris. Shida ya mtambo ilikuwa sauti kutosikika vizuri katika kumbi kubwa, na santuri kwenda mbio au kuchelewa kidogo kuliko mdomo.

Kuna mkanda wa dakika chache uliomnasa akiongoza filamu mojawapo katika studio ya Buttes-Chaumont. Kama hutaona kingine chochote cha Alice Guy, uone huu. Yupo na gauni lake refu, gramafoni yenye tarumbeta kubwa kando, anapanga watu, anatoa amri, wanaume wanakwenda wanakotumwa. Hakuna anayeshangaa.

Filamu zake zinachekesha hata leo?

Zinachekesha. Si zote, ila zile nzuri hazihitaji uwe msomi wa sinema.

Anza na Madame a des envies ya 1906. Mama mjamzito yuko matembezini, mumewe nyuma anasukuma kigari cha mtoto. Mama anaona mtoto analamba pipi, anaipokonya. Kamera inasogea karibu, uso wake unajaza skrini, analamba huku amefumba macho kwa raha. Anaendelea: anapora glasi ya pombe kali mezani kwa bwana mmoja, samaki wa ombaomba, kiko cha mchuuzi, na kila mara tunarudishwa usoni kwake kuona anavyofaidi. Mume anakimbizana kuomba radhi. Mwisho anajifungulia kwenye kabichi, bila shaka. Yeyote aliyewahi kutumwa saa tano usiku kutafuta embe mbichi au udongo wa kutafuna ataelewa kila kitu bila kusoma neno.

Zile picha za karibu si za pambo. Katika miaka hiyo kamera ilikaa mbali, kama mtazamaji aliyekaa katikati ya ukumbi wa tamthilia. Alice anaisogeza kwa sababu kichekesho kiko usoni: tunashiriki raha ya mama, si fedheha ya mume. Ukiitoa picha ya karibu, filamu inabaki ya mwanamke mwizi.

Ipo nyingine ya mwaka huo huo, ya godoro. Fundi anashona godoro, anatoka kidogo kwenda kupata kinywaji. Mlevi anaingia ndani ya godoro na kulala. Fundi anarudi anashona bila kujua. Kilichobaki ni godoro linalotembea mjini.

Les Résultats du féminisme ni ya kuwatetea wanawake au ya kuwacheka?

Swali zuri, na kila darasa hugawanyika. Filamu ni ya 1906. Wanaume wanashona, wanapiga pasi, wanabembeleza watoto. Wanawake wamekaa mkahawani wamekunja nne, wanavuta sigara, wanakunywa, na mwanamume akipita njiani wanamsumbua hadi anaona haya. Mwishoni wanaume wanachoka, wanavamia mkahawa na kuwafukuza wanawake, kisha wanagonga glasi.

Ukitazama mwisho peke yake utasema ni dhihaka kwa wanaodai haki: mambo yamerudi "mahali pake". Lakini dakika zote zilizotangulia zimekufanya ucheke jinsi wanaume wanavyoteseka kwa mambo ambayo wanawake wa Paris waliyapata kila siku barabarani. Mwanamume anaguswa bila ridhaa, ukumbi unacheka, halafu kicheko kinakwama kooni. Mimi nadhani alijua anachofanya. Aliipa kampuni mwisho ambao ungeuzika, na katikati akaweka yake. Wapo wasiokubaliana nami, na hoja yao ina nguvu: mara nyingi Alice alisema wazi kwamba anaamini ndoa na familia, na hakujiweka mbele kama mwanaharakati.

Kwa nini alihamia Marekani?

Ndoa. Herbert Blaché alikuwa mfanyakazi wa Gaumont, na mwaka 1907 alitumwa ng'ambo kuitangaza Chronophone. Alice aliacha cheo akafuatana naye. Biashara haikushika, mtoto wa kwanza, Simone, akazaliwa 1908, na kwa muda mama akakaa nyumbani. Studio ya Gaumont huko Flushing, New York, ilikuwa haitumiki kila siku. Mwaka 1910 akaikodi na kuanzisha kampuni yake, Solax.

Solax ilikuwa kubwa kiasi gani?

Kubwa kiasi kwamba mwaka 1912 alijenga studio yake mwenyewe Fort Lee, New Jersey, kwa gharama iliyozidi dola 100,000 za wakati ule. Fort Lee ndiyo iliyokuwa makao ya sinema ya Marekani kabla ya Hollywood. Ukumbi wa kioo kwa ajili ya mwanga wa jua, vyumba vya kusafishia mikanda, karakana ya mandhari, mavazi: vyote chini ya paa moja, na mwenye mali ni mwanamke, tena mjamzito wa mtoto wa pili mwaka huo huo wa ujenzi.

Ukutani alitundika bango kubwa lenye maneno mawili: Be Natural. Maana yake, uwe kama ulivyo, usijitie. Waigizaji wengi walitoka jukwaani, ambako mkono lazima uinuliwe hadi aliyekaa nyuma auone. Alice hakutaka hayo. Kamera iko hatua chache tu, inaona kope ikipepesa.

Solax ilitoa filamu kila wiki: vichekesho, za ng'ombe na bastola, za askari, za kuliza. Mwaka 1913 walipopiga Dick Whittington walilipua mashua ya kweli, na Herbert akaumia katika mlipuko huo. Hakukuwa na kompyuta ya kuwasaidia. Ukitaka moto, unawasha moto.

Ni kweli alitengeneza filamu ya waigizaji weusi peke yao?

Ni kweli. A Fool and His Money, 1912, ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za hadithi zenye waigizaji Wamarekani weusi pekee, mbele akiwa James Russell, bingwa wa dansi ya cakewalk. Kibarua anaokota fedha, ananunua nguo na saa, anarudi kuposa binti aliyekuwa akimdharau, halafu wajanja wanamla fedha zote kwenye karata. Inasimuliwa kwamba waigizaji weupe walikataa kucheza na weusi, Alice akaamua watacheza weusi watupu.

Msikimbilie kupiga makofi. Hadithi yenyewe imebeba dhana za zama zile kuhusu mtu mweusi na fedha, na mtazamaji wa kwetu atazikuta bila kuzitafuta. Ila linganisha na filamu nyingine za Marekani za wakati huo, ambako watu weusi waliigizwa na weupe waliojipaka masizi. Hapa angalau binti ana haiba yake, wageni wa sherehe wamevaa vizuri, na nyumba ni nyumba ya watu wenye maisha yao.

Ilikuwaje kampuni ikafa?

Haikufa kwa pigo moja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1910 watazamaji walitaka filamu ndefu, nazo zilihitaji mtaji ambao kampuni ndogo hazina. Wasambazaji wakubwa walishikilia kumbi. Wenzake walihamia California kufuata jua na ardhi ya bei nafuu. Vita Kuu ya Kwanza ilileta uhaba wa makaa ya mawe, na studio ya Fort Lee bila makaa wakati wa baridi ni jokofu. Kisha ikaja homa ya Kihispania ya 1918, naye akaugua.

Nyumbani nako hakukukalika. Herbert, ambaye Alice alimwachia urais wa kampuni mwaka 1913, aliondoka mwaka 1918 kwenda Hollywood na mwigizaji mmoja. Filamu ya mwisho ya Alice, Tarnished Reputations, ilitoka 1920. Baadaye studio ikapigwa mnada, na mwaka 1922, ndoa imekwisha, akarudi Ufaransa na watoto wawili. Alikuwa hajafikisha miaka 50. Alitafuta kazi ya uongozaji na hakupata hata filamu moja.

Mtu wa filamu 1,000 anasahauliwaje?

Watu hupenda kusema "historia ilimsahau", kana kwamba historia ni bibi kizee aliyepoteza miwani. Kuna hatua zinazofuatika.

Kwanza, filamu za mwanzo hazikuwa na majina ya watengenezaji. Mkanda ulibeba nembo ya kampuni. Aliyetaka kujua nani aliongoza alitegemea kumbukumbu za waliobaki kampuni, na Alice hakubaki.

Pili, kampuni yenyewe. Mnamo 1930 Gaumont ilitoa historia yake, na kazi za kabla ya 1907 hazikumo. Alice alimwandikia bosi wake wa zamani. Gaumont akakiri kosa na kuahidi kurekebisha. Alifariki 1946 na Alice bado anasubiri.

Tatu, waandishi. Georges Sadoul, mwanahistoria mkubwa wa sinema wa Ufaransa, aligawa filamu zake kwa wengine. Ile ya maisha ya Kristo alimpa Jasset, yule msaidizi. Kwa Marekani ilikuwa rahisi zaidi: ukikuta "Blaché" kwenye karatasi, unadhani ni mume.

Nne, mikanda. Filamu za zamani ziko kwenye mkanda wa plastiki ya nitreti, inayoshika moto haraka na, hata isipoungua, inaoza yenyewe ndani ya mkebe hadi ikawa unga. Mwaka 1927 Alice alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta filamu zake, hadi Maktaba ya Bunge huko Washington. Hakupata hata moja. Fikiria mwanamke aliyemiliki studio anasimama kwenye kaunta ya maktaba anauliza kama kuna anayeijua kazi yake, mkononi hana cha kuonyesha.

Ndipo katibu muhtasi akarudi kwenye ujuzi wake wa kwanza. Alikaa akaandika orodha ya filamu zake kwa kukumbuka, akaandika barua kwa wanahistoria akiwasahihisha mmoja mmoja, akaandika kumbukumbu za maisha yake. Sadoul alirekebisha baadhi ya makosa. Hakuna mchapishaji aliyezitaka zile kumbukumbu wakati wa uhai wake. Zilitoka 1976, miaka minane baada ya yeye kufariki.

Aliathiri nani?

Feuillade nimeshamtaja, na Jasset pia aliendelea kuwa mwongozaji wa kutajika. Marekani kuna Lois Weber, aliyeanza kazi kwenye filamu za sauti za Gaumont huko Flushing, akaja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa zama za sinema bubu. Hao mkono wake unaonekana moja kwa moja.

Zaidi ya hapo ningekuwa mwangalifu. Mtu ambaye filamu zake hazikuonekana kwa miaka hamsini hawezi kuwa amewafundisha wote walioiga kitu kinachofanana. Athari yake ya pili ni ya sasa hivi, tangu nakala zilipoanza kupatikana na waongozaji wanawake wakawa na wa kumtaja.

Aliwahi kuheshimiwa akiwa hai?

Kidogo, na kwa kuchelewa. Miaka ya 1950 Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur, na mwaka 1957 jumba la hifadhi ya filamu, Cinémathèque française, likamwandalia hafla. Alifariki tarehe 24 Machi 1968 huko New Jersey alikokuwa akiishi na binti yake Simone, akiwa na miaka 94, si mbali na ilipokuwa studio yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, halafu kwa kasi. Alison McMahan alitoa utafiti mkubwa juu yake mwaka 2002. Mwaka 2011 chama cha waongozaji wa Marekani kilimpa tuzo. Mwaka 2018 Pamela B. Green alitoa filamu ya maisha yake, sauti ya msimulizi ikiwa ya Jodie Foster. Na kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024, zile sanamu kumi za dhahabu za wanawake zilizoinuka kando ya mto Seine, moja ilikuwa yake.

Filamu zake naziona wapi, na nianze na ipi?

Zilizobaki ni karibu 150, zimetawanyika kwenye hifadhi za nchi mbalimbali. Hakimiliki ya nyingi imekwisha, kwa hiyo ukiandika jina lake YouTube utapata kadhaa bure. Tahadhari mbili. Nyingine zimepandishwa kwa kasi kuliko zilivyopigwa, watu wanatembea kama sisimizi. Punguza kasi kwenye mipangilio hadi robo tatu. Na muziki ni wa aliyepandisha, si wa Alice. Ukikukera, zima.

Ukiwa na watoto, anza na godoro. Ukiwa na mwenza wako, Madame a des envies. Ukiwa peke yako, tafuta Falling Leaves ya 1912, dakika kama kumi na mbili. Dada mkubwa ana kifua kikuu, na mdogo wake, Trixie, anamsikia daktari akisema kwamba jani la mwisho likidondoka, dada atakuwa amekufa. Wakubwa wanalia. Trixie anatoka nje na uzi, anaanza kuyafunga majani kwenye matawi, moja baada ya jingine.